Tabibu Ameaminiwa, Hakutumwa Kupeleleza

Napenda kusema nanyi, ndugu zangu Waislamu, wanaume kwa wanawake, juu ya jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona na misikitini mwetu halisemwi kabisa. Nalo ni mimba za mabinti wadogo, na maradhi yanayoambukizwa kwa zinaa, na wajibu wa daktari katika kuyazuia hayo kabla hayajatokea.

Kauli yangu ni moja, nami naitanguliza asije mtu akasema nimeizungushazungusha. Daktari hawezi kumkinga binti asiyemfikia, na binti hamfikii mtu asiyemwamini. Basi kila linalovunja uaminifu baina ya binti na tabibu, hata likivikwa kilemba cha dini, ni msaada kwa zinaa na ni msaada kwa maradhi. Na wenye kuuvunja uaminifu huo ni watatu: ni daktari mwenyewe anapogeuka mpelelezi, ni mzazi anapoiita elimu fitna, na ni sisi masheikh tunapoifanya nikaha kuwa shuka la kufunikia maovu ya watu wazima.

KILOSA NA MIKUMI SI NCHI YA MBALI

Nitatoa mfano wangu Kilosa na Mikumi. Asiseme mtu wa Tanga au wa Bagamoyo, wa Unguja au wa Lamu, kuwa huko ni bara na hakumhusu. Kilosa ni mji wa njia tangu zamani za misafara iliyotoka Bagamoyo. Dini yetu ilifika huko kwa njia hiyo hiyo, na nyumba nyingi za Pwani hata leo zina shangazi au binamu katika miji ile. Baadaye ikaja reli ya kati ya Wajerumani, yakaja mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa. Mikumi nayo, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, iko ubavuni mwa hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, juu ya barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kidatu na Ifakara, kwenye mashamba makubwa ya miwa. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, ikipita Kilosa.

Njia ni neema, lakini njia hupitisha kila kitu. Dereva na utingo wake wanalala mbali na wake zao. Mkata miwa wa msimu analipwa ujira wake mbali na mama yake na mzee wa mtaa wake. Gesti ziko, pombe iko. Na katikati ya hayo yuko binti wa miaka 15 ambaye shule ya kata iko mbali na kijiji chao, basi wazazi wake wamempangishia chumba karibu na shule, hana mtu mzima wa kumwuliza umekula nini wala umelala saa ngapi. Akija kijana wa bodaboda na lifti ya asubuhi, au mtu mzima na sahani ya chipsi, huyo binti ana nani wa kumshauri?

Haya hayakuanza jana. Ukimwi ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, mkoani Kagera mwaka 1983, haukukaa huko, ulifuata barabara. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la AMREF lilikwenda kuwafundisha madereva wa malori na wanawake wa vituo vya malori katika njia hiyo hiyo ya Zambia. Ama mimba za mabinti, tafiti za taifa zimetuambia kuwa mwaka 2010, katika kila mabinti 100 wa miaka 15 hadi 19, mabinti 23 walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba. Mwaka 2015-16 wakawa 27. Mwaka 2022 wakawa 22. Tumeshuka, tukashukuru, lakini ni zaidi ya binti mmoja katika kila watano. Ukiwa na safu tano za mabinti katika chuo chako cha Kurani, ewe mwalimu mwenzangu, hesabu safu moja.

Sasa tuyatazame maneno matatu ninayoyasikia mara kwa mara, katika baraza na hata baada ya sala.

NENO LA KWANZA: "MADAKTARI WANAWAFUNDISHA WATOTO ZINAA"

Husemwa kuwa daktari au muuguzi anayekwenda shuleni kueleza habari za balehe, za mimba na za maradhi, anawafungua watoto macho. Wenye kusema hivi ni watu wema na wana uchungu na watoto wao. Lakini na nichukue kitabu wanachokijua wenyewe. Katika vyuo vyetu vyote vya mwambao mtoto akimaliza juzuu hufunguliwa Safina. Na mwanzoni kabisa mwa Safina, kabla hajafika hata kwenye nguzo za sala, mtoto huyo husoma alama za kubaleghe: kutimia miaka kumi na mitano, kuota, na hedhi kwa mwanamke tangu miaka tisa. Kisha husoma mambo yanayowajibisha kuoga, na ndani yake mna kujamiiana, mna hedhi, mna nifasi, mna kuzaa. Mtoto wa miaka kumi anayasoma hayo kwa sauti, na baba yake yuko barazani anasikia na anafurahi. Je, Safina nayo inafundisha zinaa? La hasha! Inamfundisha mtoto mwili wake ili amjue Mola wake. Basi muuguzi akimweleza binti huyo huyo kuwa akishaanza kuona hedhi anaweza kushika mimba, na kwamba mara moja yatosha, kosa lake liko wapi?

Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni katika imani, lakini haya inayomzuia mtu kujua hukumu yake na salama yake si haya, ni ujinga uliovaa buibui. Zamani Pwani yetu ililijua hili. Binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, na kungwi akamfunda. Huko Kilosa nako Wakaguru na Wasagara walikuwa na unyago wao. Katika mafundisho hayo yalikuwamo mazuri ya kushikwa na yalikuwamo ya kuachwa, lakini binti hakuachwa bila mtu. Leo somo hayupo, kungwi amekuwa wa kucheza ngoma ya harusi, mama anaona aibu, baba anakunja uso, na daktari tumemfukuza. Aliyebaki kumfunda mwanao ni simu.

Na ushahidi wa madhara ya neno hili ni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanzo chake ni kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 serikali ilianza kuwachanja mabinti wa miaka 14 nchi nzima. Tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Wakatokea wenye kusema kuwa sindano hiyo inafunga uzazi, na wengine wakasema, "Binti yangu si malaya, chanjo ya nini?" Ewe ndugu yangu, binti yako aweza kuwa msafi kama maji ya mvua, akaingia nyumbani mwa mumewe siku ya harusi na ubikira wake, na mume huyo akawa amekibeba kirusi tangu ujana wake bila ya yeye mwenyewe kujua. Chanjo hiyo si tuhuma juu ya binti yako. Ni ngao umpayo dhidi ya makosa ya mtu usiyemjua bado.

NENO LA PILI: "DAKTARI AWAPIME, WENYE MIMBA WATOLEWE"

Hili ndilo neno lililonitia kalamu mkononi. Kwa miaka mingi katika shule nyingi za Tanzania Bara mabinti walikuwa wakipangwa mstari, kila mmoja akapimwa mimba, kwa mkojo au kwa kubonyezwa tumbo, na mpimaji ni mtu wa afya. Jibu hakupewa binti peke yake. Lilikwenda kwa mwalimu mkuu. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Tarehe 22 Juni 2017, huko Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza kuwa katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mlango ulifunguliwa: ukatoka Waraka wa Elimu namba 2 unaowaruhusu kurudi. Na Septemba mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ikatoa uamuzi kuwa kuwapima mabinti kwa lazima na kuwafukuza ni kuvunja haki zao, ikaitaka serikali iyakomeshe.

Waraka ni jambo jema, lakini mazoea hayafi kwa waraka. Wako wazazi na walimu mpaka leo wanaotamani siku zile zirudi, na wako watu wa afya wanaoona kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Nawauliza: katika mstari ule wa mkojo, ni mimba gani iliyozuiwa? Mtu huja na ndoo baada ya nyumba kuungua, akahesabu majivu, kisha akajiita mzima moto! Na zaidi ya hayo, katika mstari ule mwanamume alisimama wapi? Dereva hakuwamo, wala mkata miwa, wala kijana wa bodaboda, wala yule mwalimu asiye na haya. Alipimwa mmoja katika wawili, akaadhibiwa mmoja katika wawili, na tukaita hayo maadili.

Matokeo yake tunayaona kwa macho. Binti aliyejifunza kuwa koti jeupe ni jicho la mwalimu mkuu hatakwenda kwa koti jeupe. Akihisi kuwashwa au kutokwa na uchafu, atakaa kimya. Akiogopa mimba, atakwenda duka la dawa kununua vidonge wanavyoviita P2, akavimeza kila wiki kama pipi, na hali vidonge hivyo viliwekwa kwa dharura ya mara moja, ndani ya siku chache za mwanzo, wala havizuii ugonjwa wowote. Na akishashika mimba, atakwenda kwa mtu wa vichochoroni mwenye majani na kijiti, na huko wengine hawarudi. Kisonono na klamidia kwa mwanamke aghalabu hukaa kimya bila ya dalili, huku vikiziba mirija ya uzazi. Miaka kumi baadaye mwanamke huyo ameolewa, hazai, na mama mkwe anamwita tasa. Kumbe utasa ule ulianza siku alipoogopa kuingia zahanati.

Unguja nako ilikuwako sheria ya mwaka 1985 iliyomwezesha hakimu kumfunga jela mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba. Ilikaa miaka ishirini, ikaondolewa mwaka 2005, na jela ikaondoka pamoja nayo. Lau jela ingekuwa ni kinga, Unguja ingemaliza habari hii zamani.

Na dini inasema nini? Alipokuja Maiz kuikiri zinaa yake, alikuwako mtu aitwaye Hazzal aliyemhimiza aende akaseme. Mtume (S.A.W.) alimwambia Hazzal kuwa lau angemsitiri kwa nguo yake, ingalikuwa kheri kwake. Na katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu amemwekea mwenye kumsingizia mwanamke mwenye heshima bila ya mashahidi wanne adhabu ya mijeledi themanini. Dini iliyolinda heshima ya mwanamke kwa ukuta mrefu hivyo, sisi tunaibomoa kwa kichupa cha mkojo? Madaktari wa Kiislamu wa kale walilijua hili. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala ya maadili ya tabibu, na katika mausia yake kwa mwanafunzi wake mna kuhifadhi siri za wagonjwa.

Asinielewe mtu vibaya hapa. Siri ya binti ni ya kumlinda binti, si ya kumlinda aliyemharibu. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1998, anayemwingilia binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, hata binti akisema aliridhia. Na tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi, au anayemwoa, hukumu yake ni kifungo cha miaka 30. Daktari akiletewa mtoto wa miaka 13 aliyeharibiwa, hanyamazi: anampa mara moja dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo hufaa ndani ya saa 72 tu, anahifadhi ushahidi, na anamfikishia habari afisa ustawi wa jamii na polisi. Hiyo ni kutafuta haki ya aliyedhulumiwa. Kumpelekea mwalimu mkuu jina la binti ili atolewe darasani ni kumwongezea dhuluma juu ya dhuluma. Mwenye akili hachanganyi mambo hayo mawili.

NENO LA TATU: "DAWA YAKE NI NIKAHA"

Hili linatuhusu sisi wenye vilemba. Binti wa miaka 14 au 15 amepata mimba. Jioni wanakuja wazee wawili na sheikh, inasomwa khutba, mambo yamekwisha. Au hajapata mimba, lakini babake anahofu, basi anamwoza mapema "asije akatuaibisha." Wakiulizwa, hujibu kuwa sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Hawasemi kuwa Mahakama Kuu ilikwisha tamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwezi wa Oktoba 2019, ikataka umri uwe miaka 18.

Najua wako watakaosema kuwa mahakama si Kurani. Vyema, na tuirejee Kurani. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tusiwakabidhi mali yao mpaka tuone kwao busara. Kubaleghe peke yake hakukutosha kumpa yatima mbuzi wake. Je, kutatosha kumpa binti mume, mimba na uchungu wa kuzaa? Fiqhi yetu yote imesimama juu ya kuondoa madhara. Na madhara ya mimba ya utotoni madaktari wanayajua kwa majina: nyonga haijapanuka, uchungu unachukua siku mbili, mtoto anafia tumboni, na mama anatoboka kibofu akawa anavuja mkojo maisha yake yote asipofanyiwa upasuaji. Wagonjwa wa fistula wanaotibiwa katika hospitali ya CCBRT Dar es Salaam si wazinifu waliolaaniwa. Wengi wao ni wake za watu, walioolewa kwa fatiha na pilau.

Basi hapa daktari ana kazi kwa wenye ndoa pia. Binti aliyekwisha olewa akiwa mdogo, ni wajibu wa tabibu kumweleza yeye na mumewe njia za kuchelewesha mimba mpaka mwili ukomae. Masahaba walikuwa wakifanya azl zama za Mtume (S.A.W.), na Imam al-Ghazali aliijadili katika Ihya yake na wala hakuiharamisha. Mume anayemkataza mke wa miaka 16 asiende kliniki hana sahaba wa kumfuata katika ukali huo.

NASAHA KWA MADAKTARI

Sasa nageuka kwenu, waheshimiwa madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga. Msidhani nimewabebea kilemba kichwani. Ninyi nanyi mnalaumika. Wako miongoni mwenu, binti akija na maradhi, humkemea mbele ya foleni nzima: "Mtoto mdogo hivi, umeyatoa wapi haya?" Wako wanaosema jibu la kipimo kwa sauti ya mnada. Wako wanaouza kwa mlango wa nyuma dawa iliyopaswa kutolewa bure. Na wako wanaompa mtu sindano na kumwacha aende bila kumwambia amlete mwenzake, naye akarudi baada ya mwezi na ugonjwa ule ule.

Mfuateni Mtume (S.A.W.). Alimjia kijana akamwomba ruhusa ya kuzini, mbele ya watu. Masahaba wakamkaripia. Mtume akamwita akae karibu naye, akamwuliza taratibu kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi zake, na kila mara kijana akajibu la. Kisha akamwekea mkono na kumwombea Mungu amsamehe na kuutakasa moyo wake. Kijana yule akaondoka na zinaa haimvutii tena. Yule kijana alikuja kwa Mtume kwa sababu alijua hatapigwa. Chumba chenu kiwe hivyo.

Na msidharau kazi yenu mkasema ukubwa wa tatizo umewashinda. Mkoani Mwanza, baina ya mwaka 1991 na 1994, ulifanywa utafiti katika jamii 12. Katika sita, waganga wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kuyatibu vizuri maradhi ya zinaa, dawa zikahakikishwa zipo, na watu wakahimizwa waje mapema. Katika sita nyingine mambo yakaachwa yalivyokuwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1995, maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 40 pale palipotibiwa vizuri, kwani kidonda cha kaswende na usaha wa kisonono ni mlango wa ukimwi. Kazi ile ilifanywa na waganga wa kawaida, katika zahanati za kawaida, kama zile za Kidodi na Ulaya na Kimamba.

Ama suala la mipira, na nilijibu, maana nikilikwepa mtaniambia nimeogopa. Mpira haihalalishi zinaa, wala hakuna vazi linalohalalisha haramu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa ametukataza hata kuikaribia. Hayo nitayasema juu ya mimbari mpaka nife, na wala sitaki daktari amwambie mwanafunzi kuwa zinaa ni mchezo usio na madhara akivaa kitu fulani. Lakini daktari akikabiliwa na mtu aliyekwisha ng'ang'ania maovu yake, kanuni ya mafakihi iko wazi: yakikutana madhara mawili huchukuliwa lililo jepesi. Anayezini ana dhambi. Anayezini akapeleka ukimwi kwa mkewe ana dhambi na roho ya mtu. Na mume mwenye virusi anayemwingilia mke mzima bila kinga, na bila ya kutumia dawa zake, huyo anafanya uadui ndani ya ndoa halali.

KINGA HAITOKI HOSPITALI PEKE YAKE

Nisipomaliza kwa hili nitakuwa nimewabebesha madaktari mzigo wetu. Huko huko Mwanza, tangu mwaka 1999, ulifanywa mradi mwingine uitwao MEMA kwa Vijana. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa, na waganga wakafunzwa kuwapokea vijana kwa upole. Vijana walipopimwa mwaka 2002, na tena mwaka 2007-08, elimu yao ilikuwa imeongezeka, lakini maambukizo hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Wako watakaolishika hili na kusema, "Mnaona? Elimu haifai." Mimi nasema: elimu ilifika, ikakuta nje ya darasa watu wazima ni wale wale. Binti aliyejua kila kitu alirudi mtaani akamkuta mtu mzima mwenye fedha, baba asiyeuliza, na sheikh asiyesema. Daktari na mwalimu walipiga makasia upande mmoja, na jahazi likazunguka palepale.

Basi enyi wazazi wa Kilosa na Mikumi, na wa Pwani yote: mkimpangishia binti chumba karibu na shule, kodi ya chumba haikutosha kuwa malezi. Tafuteni nyumba ya mtu mwaminifu, au changeni mjenge bweni. Mpelekeni binti kwa muuguzi mwanamke akiwa mzima, kabla ya haja yoyote, ili aujue mlango ule na asiuogope. Na mtoto wa kiume je? Tunamchunga mbuzi na kumwachia fisi kamba. Suratun Nur ilianza kuwaamrisha wanaume kuinamisha macho kabla ya kuwaamrisha wanawake.

Nanyi masheikh wenzangu: mwiteni daktari msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Msisome khutba ya nikaha ya mtoto. Watakeni wachumba wapime afya kabla ya ndoa. Na binti aliyezaa akitaka kurudi shule, mtetee. Kuna Aya katika Suratut Takwir inayotaja siku atakapoulizwa binti aliyezikwa hai ni kwa dhambi gani aliuawa. Waarabu wa jahilia walizika mabinti kwa mchanga. Tusije sisi tukawazika kwa aibu, tukadhani hatutaulizwa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape matabibu wetu ukweli wa ulimi na upole wa mkono, awape wazazi wetu busara, awahifadhi mabinti zetu na vijana wetu na kila baya la dhahiri na la siri, na awasamehe waliokosa. Amin.